Upepo Nao ni Nyundo

Hapa Lubumbashi shaba ni kama chumvi katika chakula, haikosekani. Zamani, kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910, wazee wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Vipande hivyo vilikuwa fedha yao, na watu walivitoa hata katika mahari. Mpaka leo mafundi huliiga umbo hilo katika mapambo madogo madogo. Sisi nasi tumo katika kazi hiyo, uani kwetu Katuba.

Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, tuliagizwa misalaba 60 ya shaba, kila mmoja kama kidole gumba, kwa ajili ya watoto wa Komunyo ya kwanza. Malipo yake tulikuwa tumekwisha kuyagawa: nusu ni ada ya shule ya mdogo wetu, nusu ni deni la bati la shaba.

Tulikata, tukafua, tukasugua kwa msasa hata ikang'aa. Ikabaki vanishi tu, maana shaba iliyo wazi hufifia na kuwa nyeusi kwa hewa. Basi tukaipanga misalaba juu ya gazeti, tukashika kopo la kupuliza. Loo! Pumzi ya kwanza ikaipeperusha kama makapi katika ungo. Mmoja ukapanda juu ya mwenziwe, mwingine ukaanguka vumbini. Tulipoishika kwa vidole, alama za vidole zikabaki. Tulipoibandua mingine, gazeti likaja nayo, herufi zikisomeka mgongoni. Misalaba 22 iliharibika, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, watoto wakiingojea Jumapili.

Tukaanza kulaumiana. Huyu alaumu upepo wa kiangazi, yule alaumu kopo. Ndipo akaingia mzee jirani yetu, mfua shaba wa siku nyingi.

"Wanangu," akauliza, "mnapofua bati mnaliwekaje?"

"Baba, tunalipigilia misumari juu ya ubao, lisikimbie nyundo."

"Na upepo wa kopo si nyundo? Mbona huo hamkuufungia kitu?"

Tukanyamaza, kwa kuwa hatukuwa na la kujibu.

Tukaikwangua ile iliyoharibika, tukaisugua upya, kisha tukafanya kama alivyotuelekeza. Misalaba yenye tundu tuliipitishia waya mwembamba, tukaukaza waya ndani ya sanduku la karatasi lililokatwa upande mmoja, na chini tukafunga waya wa pili isizunguke. Isiyo na tundu tuliibandika juu ya vijiti kwa utepe wa gundi uliokunjwa, gundi ikiwa nje, tukavisimika vijiti katika kopo la mchanga. Tulipotaka kugeuza, tuligeuza kijiti, wala hatukugusa shaba. Kopo la vanishi tulilishika mbali, zaidi ya shibiri moja. Tulianza kupuliza pembeni, tukaupita msalaba bila kusimama, tabaka jembamba, likauke, kisha jingine. Tulifanya hayo nje, tukiupa upepo mgongo, mbali na mbabula, kwani mvuke wa vanishi hushika moto upesi na kudhuru kifua.

Jumapili watoto walivaa misalaba yao yote 60. Ada ililipwa. Deni la bati lilingoja mwezi mmoja zaidi, maana miwili katika ile 22 haikutengenezeka, ikabidi tununue bati jingine. Mmoja wa hiyo miwili tumeutundika mlangoni, na herufi za gazeti bado zi mgongoni mwake.

Kitu kikubwa husimama kwa uzito wake chenyewe, bali kidogo chataka mwenye kukishika. Twafikiri wazazi wanaosoma habari hii watatuelewa, hata wale ambao hawajapata kushika kopo la rangi.