Nilivyoharibu Magurudumu ya Arusi



Leo sikuja na habari za safari wala za watakatifu. Nataka kuwasimulia habari ya magurudumu manne ya motokari, na jinsi yanavyosafishwa. Pengine mtu atasema, "Katekista ana nini na magurudumu ya motokari, naye baiskeli yake haina hata breki?" Mwacheni acheke. Mimi pia ningalicheka kabla ya yale yaliyonipata.

Hapa Kasuku, ng'ambo ya kushoto ya mto Lualaba, motokari si nyingi. Pikipiki ndizo zinazojaa katika njia za Kindu, na ukingoni mwa mto vijana huziosha tangu asubuhi. Motokari ikipita, watoto hujua mara moja ni ya nani.

Basi wakristu wawili wa kitongoji chetu, waliokaa pamoja miaka 19 bila sakramenti, walikubali mwishowe kufunga ndoa mbele ya altare. Niliwafundisha miezi sita. Mama yule aliomba kitu kimoja tu: afike kanisani katika motokari, asipite kwa miguu matopeni mbele ya wale waliomsema miaka yote hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa parokia, mtu mwema, akakubali kutuazima yake. Ilifika Ijumaa mchana kutoka njia ya Kibombo, mvua za Januari zikinyesha, nyekundu kwa tope hata kwenye vioo. Arusi ilikuwa kesho yake asubuhi.

Kulikuwa na kijana mmoja mkatekumeni, umri wake miaka 16, yatima anayekaa kwa nyanya yake. Riziki yake ni kuosha pikipiki mtoni, naye alikuwa abatizwe Pasaka ile. Nikamwita. Alisafisha mwili wa motokari vizuri sana. Lakini magurudumu yalinichukiza. Hayakuwa ya chuma cha kawaida, yalikuwa na janti za alumini, na katika pembe zake lilishikamana vumbi jeusi lisilotoka kwa maji. Nikamwambia, "Chukua mchanga na majivu, usugue kama mama wanavyosugua sufuria."

Akajibu kwa heshima, "Mwalimu, sisi kule mtoni tunatumia sabuni na kitambaa tu. Mchanga utakula rangi."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilisoma seminari, na katika seminari nilisoma kemia, tena nilipata alama nzuri. Je, kijana aliyeacha shule darasa la tano anifundishe mimi? Nikaenda mwenyewe kwa nyanya yake, ambaye anapika sabuni ya mawese, nikaomba soda kali kidogo, nikaikoroga katika ndoo pamoja na maji ya majivu. Nikampa nguo kuukuu ya kuchovya.

Maji yakaanza kutoa povu juu ya janti kama chungu kilicho motoni, wala moto haukuwapo. Nikafurahi. Nikasema, "Unaona? Uchafu unatoka!" Kumbe si uchafu uliotoka. Tulipomwaga maji safi, ngozi ile iliyong'aa ilikuwa imebanduka vipande vipande, na chini yake alumini ilikuwa na mabaka ya kijivu na meusi. Kijana alikuwa anapuliza vidole vyake, soda ilimchoma. Magurudumu mawili yalikwisha kuharibika. Mawili mengine tuliyaacha na tope lake.

Jioni mwenyewe akaja. Akainama, akatazama, akauliza, "Nani aliyefanya hivi?"

Nami nikajibu, "Ee Papa, vijana wa siku hizi hawasikii."

Kijana alinitazama mara moja tu. Hakusema neno. Mwenye motokari alimkaripia vikali mbele ya watu, akamfukuza bila malipo, naye akaenda zake na vidole vyake vilivyoungua. Arusi ilifungwa kesho yake, mama alishuka katika motokari, watu wakapiga vigelegele. Mimi niliongoza nyimbo. Juma lililofuata kijana hakuja katekisimu, wala juma la pili.

Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli hapa Kindu, kuuliza kama janti zinaweza kuponywa. Sikumwambia ni nani aliyeziharibu. Yeye alinieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua.

Alumini, alisema, haifanani na chuma. Chuma unaweza kukiosha kwa soda na hakitaumia sana. Ila alumini huliwa na soda kama muhogo unavyoliwa na panya, na lile povu ni hewa inayozaliwa alumini inapoyeyuka. Maji ya majivu ni ndugu mdogo wa soda, hufanya kazi ileile polepole. Nikakumbuka kwa haya kwamba haya yote yamo katika kitabu cha kemia. Nilijua hata majina: kwamba Hans Christian Ørsted wa Denmark aliitoa alumini mara ya kwanza mwaka 1825, na kwamba ilikuwa mali ya matajiri mpaka mwaka 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kwao, njia ya kuitengeneza kwa umeme. Majina nilikuwa nayo yote, na ndoo ya soda mkononi.

"Lakini mama zetu husugua sufuria kwa mchanga na majivu, nazo zinang'aa," nikasema.

Mzee akacheka. Sufuria haina vanishi. Ukiisugua unaondoa alumini kidogo, na ile mpya ya chini inang'aa. Kila siku sufuria inakonda, ila hakuna anayeipima. Janti imepakwa rangi, na juu ya rangi vanishi nyembamba isiyo na rangi. Unayoyaona yaking'aa ni vanishi hiyo. Mchanga wetu una chembe ngumu kuliko vanishi yoyote, na kila chembe inaandika mstari wake. Ukishaipasua, maji huingia chini, na alumini huota unga mweupe unaotambaa chini ya rangi mwaka hata mwaka. Na lile vumbi jeusi? Linatoka katika breki. Ndani yake mna chembe za chuma zinazoruka zikiwa moto, zikashika, na zikipata unyevu zinaota kutu. Likiachwa miezi, huumwa na vanishi na vanishi huumwa nalo, halitoki tena. Kwa hiyo dawa ni kuosha mara kwa mara, kabla halijazoea mahali pake.

Nilirudi nyumbani nikakaa usiku mzima bila usingizi. Niliungama kwa padri. Yeye akanisikiliza, akaniuliza swali moja: "Huyo kijana amekwisha kusikia haya?"

Basi nilikwenda kwanza kwa mwenye motokari. Nilimwambia, "Papa, soda ilikuwa yangu, na amri ilikuwa yangu. Kijana alinikataza." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba janti zinamwuma kidogo, lakini neno lile nililolisema mbele ya watu lingemwuma zaidi kama angekuwa mzazi wa mtoto yule. Tukapatana nilipe kidogo kidogo. Fundi wa rangi alizisugua janti mbili kwa karatasi laini ya msasa iliyoloweshwa maji, akapaka rangi ya kwanza, kisha rangi ya fedha, kisha vanishi. Ukizitazama karibu utajua. Nilimaliza deni mwezi wa Septemba.

Kwa kijana nilikwenda jioni, nyanya yake akiwapo, maana aibu alipewa mbele ya watu. Nikasema yote. Nyanya alinikaripia kwa sababu ya soda yake kuliko kwa jambo jingine lolote. Kijana alisema tu, "Ndiyo, Mwalimu." Hakuja katekisimu Jumapili ile. Alikuja ile iliyofuata, akakaa nyuma.

Sasa anaosha motokari ile kila mwezi, maana mwenyewe alimwita tena, na mara nyingine nakwenda kumsaidia. Yeye ndiye anayenifundisha. Gurudumu likiwa la moto kutoka safarini haliguswi. Tunangoja lipoe, kwa sababu sabuni hukauka juu yake na kuacha madoa, na breki yenye moto mkali haipendi maji baridi ya ghafula. Kwanza tunamwaga maji mengi bila kusugua, ili mchanga uende wenyewe. Sabuni ni ile laini ya vyombo, kidogo tu, katika ndoo moja, na ndoo ya pili ni ya kusuuza kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Tunaosha gurudumu moja mpaka mwisho ndipo tunakwenda la pili, kivulini kama kipo. Penye pembe na penye njugu tunatumia mswaki wa zamani wenye nywele laini. Lami iliyonata hutoka kwa mafuta ya taa kidogo katika kitambaa, kisha sabuni mara moja. Ila mafuta yasifike kwenye breki, la sivyo motokari haitasimama itakapotakiwa. Mwisho tunafuta kwa nguo kavu ya pamba.

Kuna watu wanaouza dawa kali za kusafishia magurudumu, na wengine hutumia maji ya batri. Sizitaki. Asidi hula vanishi na alumini, na baadhi ya dawa hizo zina asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi mpaka ndani na kuumiza hata mfupa, na maumivu pengine huchelewa kuonekana. Nimekwisha kuviona vidole vilivyoungua.

Kijana alibatizwa Pasaka, nami nilisimama nyuma kabisa, maana godfadha wake ni yule mfanyabiashara. Tunafanya kazi pamoja bila shida. Ila nikimpa kitambaa nilichokwisha kukisuuza, hukipokea kwa mikono miwili, anasema, "Asante, Mwalimu," kisha anakisuuza tena mwenyewe kabla ya kukigusisha kwenye janti.