Nani Anajua Ulipo Leo?

Novemba 2017 mdogo wangu alikuja Johannesburg. Yeye ni mwandishi wa habari wa kujitegemea kule mkoani kwetu Tanzania, na hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Alikuja kwenye mkutano wa dunia wa waandishi wa habari za uchunguzi, uliofanyika Chuo Kikuu cha Wits kuanzia tarehe 16 hadi 19. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika. Mimi naishi Observatory, si mbali na chuo, kwa hiyo alilala sebuleni kwangu.

Nilitaka kumpeleka kwenye kilima chetu, penye kituo cha zamani cha kutazama nyota, ambako mwaka 1915 Robert Innes aligundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua. Hakupata nafasi. Asubuhi alitoka mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku, jioni alirudi nikijiandaa kwenda kazini. Tulionana wakati wa chai tu.

Kila jioni daftari lake lilikuwa na namba mpya za simu: Nairobi, Lagos, Tunis. Nikamtania, "Umekuja kusoma au kukusanya namba?" Akacheka, akasema namba nazo ni somo. Akanisimulia jinsi waandishi zaidi ya 300 wa nchi mbalimbali walivyofanya kazi pamoja kimyakimya kwa miezi mingi, hadi Nyaraka za Panama zikatoka mwaka 2016. Akanisimulia pia habari za Daphne Caruana Galizia wa Malta, aliyeuawa kwa bomu ndani ya gari lake mwezi mmoja tu kabla ya mkutano.

Jumatatu tarehe 20 akarudi nyumbani. Kesho yake, huko Kibiti mkoani Pwani, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia Mwananchi habari za mauaji ya eneo lile, alitoweka. Hajaonekana hadi leo.

Habari ilipoenea, mama akanipigia simu. "Mwanangu, mwambie mdogo wako aache hiyo kazi. Wewe anakusikiliza."

Nilimpigia nikiwa na maneno yangu tayari. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Dada, usiku mgonjwa akizidiwa wodini, unafanya nini?"

"Naita wenzangu."

"Na mimi ndicho nilichokwenda kutafuta Johannesburg."

Sikuwa na jibu. Lakini sisi wauguzi hatutoki wodini kabla ya kukabidhi wagonjwa kwa anayeingia zamu. Nikamuuliza, "Leo umekwenda wapi, na nani alijua?" Akanyamaza. Pamoja na namba zote zile, hakuna aliyejua.

Tukakubaliana. Kabla ya safari atawaambia watu watatu anakokwenda na saa ya kurudi: mhariri wake, mwenzake mmoja wa Nairobi waliyekutana kwenye mkutano, na mimi. Saa hiyo ikipita kimya, tunaanza kupiga simu.

Jioni moja mwaka uliofuata ilipita kimya. Nilikuwa kazini, simu yangu ikiwa kabatini. Nilipoitazama usiku wa manane, nilikuta ujumbe sita. Yule wa Nairobi alikuwa amekwisha kuzungumza na mhariri, na mhariri amempata mwenyekiti wa kijiji. Pikipiki ilikuwa imepata pancha mahali pasipo na mawasiliano ya simu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, kisha nikarudi kwa wagonjwa wangu.

Mama bado anataka aache, na simlaumu. Lakini namba zile tatu ameziandika kwenye karatasi, ameibandika nyuma ya mlango wa chumba chake.

Kama katika familia yenu yuko mwandishi wa habari, pengine hamwezi kumzuia. Muulizeni tu nani anajua alipo leo.