Omaha, Mbele ya Mató-Tópe

Kutoka Kansas City kwenda Omaha, nchini Marekani, barabara kuu namba 29 haiachani sana na mto Missouri. Mahindi kulia, mahindi kushoto, ghala refu la nafaka, kisha mahindi tena. Binamu yangu, dereva wa malori, aliendesha huku akinicheka: mtu apande ndege Dar es Salaam, aongeze saa tatu za barabara, yote kwenda kutazama karatasi!

Mimi huchora sura za watu kwa penseli, na Makumbusho ya Joslyn, mjini Omaha, ndiyo yenye hazina kubwa ya kazi za Karl Bodmer. Mswisi huyo alikuwa na miaka 24 alipoupanda mto Missouri mwaka 1833, akiwa mchoraji wa mwanamfalme wa Kijerumani, Maximilian wa Wied, mtafiti wa mimea, wanyama na watu. Majira ya baridi yaliwakuta Fort Clark, katika North Dakota ya leo, ambako baridi iligandisha hata rangi.

Tulivuka mto kutokea Council Bluffs, tukafika kwenye jengo la marumaru ya waridi. Kiingilio ni bure. Picha za rangi za maji hutunzwa kwenye mwanga hafifu zisichujuke, kwa hiyo ilibidi nisogee karibu.

Kwenye picha moja, Mató-Tópe, chifu wa Wamandan, wenyeji wa asili wa ukingo wa mto huu, amesimama kifua wazi. Kwenye nywele zake kuna vijiti vilivyopakwa rangi, kila kimoja kikiwakilisha jeraha la risasi. Kati yavyo kuna kisu cha mbao, ukumbusho wa chifu wa Wacheyenne ambaye Mató-Tópe alimuua kwa kisu. Kiganja cha njano kifuani kinatangaza mateka aliowakamata. Wenzangu wa fani wanaochora watu wa enzi hiyo hujaza manyoya popote penye nafasi, ilimradi picha ipendeze. Hapa hakuna pambo. Mtu amejieleza mwilini mwake, na mchoraji amenukuu bila kuongeza neno. Tena Mató-Tópe naye alikuwa mchoraji: pambano lile la kisu alilichora mwenyewe kwenye karatasi.

Mwaka 1837 stima ilileta ndui. Chifu akafa, na Wamandan walio wengi wakafa pamoja naye. Waliosalia hatimaye waliungana na Wahidatsa na Waarikara, na vizazi vyao vinaishi katika eneo lao la Fort Berthold hadi leo.

Binamu, aliyekuja kwa kunisindikiza tu, ndiye aliyekawia zaidi. Alitaka kujua kila kijiti kilipatikana katika vita gani. Swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote niliyemchora. Nilipima pua na kivuli cha shavu, basi. Tukakubaliana safari ijayo iwe Fort Berthold kwenyewe, na nianze kwa maswali kabla ya kuchonga penseli.