Mizani ya Mzigo

Katika Kiswahili safari hufungwa kabla ya kuanzwa. Msafiri hufunga safari, na siku za kukaa ugenini zikiisha hufunga virago. Kitenzi ni kilekile tunachokitumia kwa mzigo, na sidhani kwamba jambo hilo limetokea kwa bahati. Kirago chenyewe ni mkeka wa kulalia njiani. Hata leo, mtu mwenye masanduku matatu ya magurudumu huambiwa kuwa amefunga virago, kana kwamba mali yake yote ni mkeka mmoja.

Waliotuachia maneno hayo waliujua uzito kwa mabega yao, na ndiyo maana hawakuridhika na jina moja la mzigo. Kuni hufungwa tita, mboga hufungwa kicha, nguo zikikusanywa ndani ya shuka huwa furushi, bidhaa zikishindiliwa huwa robota, na zikipakiwa chomboni huwa shehena. Vipimo navyo vilikuwa na ngazi zake: kibaba, pishi, frasila. Chombo cha kupimia uzito ni mizani, nasi washairi tukalichukua neno hilo tukahesabia silabi. Muuza sukari na mtunzi wa tarbia wanashiriki neno moja, na kila mmoja anajua kwamba kilichozidi lazima kipunguzwe.

Desemba iliyopita familia yetu ilikubaliana kwenda kupumzika Bagamoyo kwa siku tano. Tulikuwa watu 11: wanangu watatu, wenzi wa wawili kati yao, wajukuu watano, na mimi. Tungetoka Morogoro kwa basi dogo la kukodi, tupite Chalinze, tukate kulia Msata hadi baharini. Ilikuwa mara ya kwanza kwenda pwani pamoja tangu mume wangu afariki, miaka miwili kabla ya hapo. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mizigo. Hakusafiri bila jiko la mkaa, gunia la mkaa wenyewe, mchele, ndoo mbili na godoro la akiba, na alifunga vyote juu ya gari kwa kamba ya katani, kwa mafundo ambayo hakuna mwingine aliyejua kuyafungua. Tulipokuwa tukiipanga safari hii, hakuna aliyemtaja. Tulizungumzia bei za vyumba, hali ya barabara, nani atalala na nani. Jina lake tulilikwepa kama dereva anavyokwepa shimo analolijua.

Basi lilikuwa dogo na paa lake halikuwa na mahali pa kufungia chochote. Kwa hiyo nilitoa sharti. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, aandike vitu atakavyobeba katika ubeti mmoja wa tarbia: mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Kisichoingia katika ubeti kisiingie katika mfuko. Dawa peke yake hazikuhesabiwa, kwa kuwa shinikizo la damu halijui arudhi. Mfuko wenyewe uwe ule ambao mwenyewe anaweza kuubeba kutoka kituoni hadi chumbani bila kuutua.

Jioni ile nyumba iligeuka darasa. Niliwafundisha wajukuu kuhesabu mizani kwa makofi, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu, na punde wakaanza kuyapima maneno kwa macho ya wachuuzi. Simu ina mizani mbili, mswaki tatu, taulo tatu. Kipakatalishi kina sita, na mkwe wangu, alipoona kinammeza karibu ukwapi mzima, alikiacha kabatini bila kushawishiwa na mtu. Kanga ndiyo iliyotushangaza. Kwa mizani mbili tu unapata shuka, taulo, vazi la kuogea, pazia la dirishani, mbeleko ya mtoto na kivuli cha mchangani. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, moja ikilowa, mwenzake iko kavu. Sijaona bado kitu cha kisasa kinachobeba kazi nyingi kiasi hicho katika silabi chache namna hiyo, tena kikiwa na usemi wake ubavuni.

Mwanangu wa pili, mpenzi wa mashairi huru, alileta pingamizi. Alisema kwamba tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Kichomi mwaka 1974, hakuna sababu ya mtu mzima kulazimishwa kuhesabu silabi, na akaomba aruhusiwe mfuko huru. Nilimjibu kwamba shairi huru nalo halina nafasi ya kubeba kila kitu. Tofauti ni kwamba mtunzi wake hana mizani ya kumsaidia kukataa, hivyo hana budi kukataa kwa nguvu zake mwenyewe. Aliondoka akatafakari, kisha akarudi na mistari saba isiyo na vina na mfuko mdogo kuliko wetu sote. Nikampitisha.

Ubeti ulionifanya nivue miwani ulitoka kwa mjukuu wangu wa miaka 13. Kwa ruhusa yake nauweka hapa:

Nachukua kanga mbili, na kofia ya juani,
Kitabu chenye methali, nisomee kivulini,
Redio, ya babu mali, isibaki upwekeni,
Vingine vyote nyumbani, bahari itanitosha.

Wasomaji wa ukumbi huu watahesabu wenyewe. Nane kwa nane zimetimia, kina cha mwisho cha mishororo mitatu kimehamia kati katika kituo, na kule kuboronga sarufi kwa “ya babu mali” ni ruhusa ambayo washairi wakubwa wameitumia kabla yake. Lakini siku ile sikuhesabu chochote. Redio ile ilikuwa juu ya rafu ya sebule kwa miaka miwili, ikifutwa vumbi kila Jumamosi na kurudishwa palepale. Hakuna aliyeiwasha wala aliyependekeza iondolewe. Mtoto alikuwa na silabi 64 za kuingizia dunia yake, na kati ya hizo, 16 alimpa babu yake.

Sebule ilinyamaza. Mwanangu mkubwa, ambaye tangu mazishi hakuwahi kulitamka jina la baba yake mbele yangu, aliinuka akaishusha redio, akafungua kifuniko cha nyuma na kusema kwamba betri zimeoza. Kisha akatoka kwenda dukani kununua nyingine, usiku ule ule.

Bagamoyo ni mahali panapostahili kufikiwa na watu wenye mzigo wa kufikiria. Jina lenyewe lina mabishano. Wako wanaolieleza kuwa neno la wapagazi: umefika baharini, tua mzigo, pumzisha moyo. Wako wanaolieleza kuwa kilio cha watumwa: bwaga moyo wako hapa, maana ukishavuka maji hurudi. Sioni haja ya kuamua, kwa sababu kitenzi kubwaga kinabeba maana zote mbili. Wapo wanaobwaga kwa kuwa wamefika, na wapo wanaobwaga kwa kuwa wamenyang'anywa.

Katika karne ya 19 mpagazi aliyetoka bara, kutoka Unyanyembe au Ujiji, alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, kwa miezi kadhaa ya kutembea. Nilipowaeleza wajukuu hayo tukiwa tumeketi katika mji mkongwe, mmoja aliuliza mpagazi alibeba nini chake. Hilo ndilo swali. Pembe za ndovu hazikuwa zake wala nguo za biashara hazikuwa zake. Chake kilikuwa kirago, kibuyu cha maji na chungu cha kupikia na wenzake. Aliyebeba mizigo mikubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa na mali ndogo kuliko wote.

Tulitembelea pia misheni ya Wakatoliki, ambako mwili wa David Livingstone ulifikishwa Februari 1874. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiwemo Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake hukohuko chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga na kuubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Kwa hiyo aliletwa Bagamoyo mtu ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha kubwagwa kwingine. Nilisimama mbele ya mnara ule nikiwafikiria wabebaji kuliko aliyebebwa. Nao pia walilazimika kuamua kipi kizikwe na kipi kibebwe.

Asubuhi zilikuwa za bahari. Tulizoea kuamka mapema tukakuta maji yamepwa, mchanga umeachwa wazi hadi mbali, na kina mama wakiokota wakiwa wameinama. Nikawaonyesha wajukuu kwamba pwani ni mahali panapopwa. Jina la nchi nzima ya ukanda huu limetokana na tendo la maji kuondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando ya ngalawa yake, baada ya kuitikia shikamoo tano mfululizo, aliwaongezea mengine: kwamba mwezi ukiwa mpevu au mwandamo huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, kwamba katikati ya hapo huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali, kwamba upepo uliokuwa ukitupiga ni kaskazi, na kusi itakuja na baridi yake kwa zamu. Mjukuu wangu mdogo aliuliza bahari inapokwenda huacha wapi vitu vyake. Mzee akacheka, akamwonyesha mchanga uliojaa kombe na mwani: “Si hivi hapa? Yaende yabebe nini, na jioni yanarudi?”

Jioni ya tatu tulitandika mkeka ufukweni na redio ikawashwa. Kwanza ilikoroma tu. Mwanangu mkubwa akachomoa uzi wa waya mfukoni, akaufunga kwenye mkono wa redio kwa fundo nililolitambua mara moja, na taarabu ikatujia safi kutoka Unguja, ng'ambo ya maji. Binti yangu akamuuliza kaka yake fundo lile amejifunza wapi. “Kwa mzee,” akasema, kisha akatusimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kufunga mizigo juu ya gari, kamba ikikaza huku mkono ukiwa bado umeshikilia. Tukasimulia nasi: jiko lililopinduka Chalinze, godoro la akiba lililopeperuka likaokotwa na mwendesha baiskeli, mkaa uliotuchafua sote tukafika pwani tukifanana na wachoma mkaa. Tulicheka mpaka betri zikaanza kufifia. Sikulia, wala sikujizuia kulia. Nilikuwa nasikiliza watoto wangu wakilitumia tena neno baba.

Nimesoma mashauri mengi kuhusu kusafiri na mzigo mwepesi, na mengi yanahesabu mashati. Hayana ubaya. Familia yetu ilirudi Morogoro bila kukosa kitu hata kimoja tulichokiacha nyumbani, na hakuna mgongo uliouma. Lakini wepesi wa begi ulikuwa faida ya pembeni. Jiko, ndoo na godoro vilipoondolewa, mtu aliyekuwa akivibeba akapata mahali pa kuketi miongoni mwetu. Kwa miaka miwili tulidhani tunamkwepa ili tusiumie, kumbe ukimya ule ndio uliokuwa mzigo wenye frasila nyingi.

Kwa hiyo nawaachieni zoezi, kama ilivyo desturi yangu. Likizo ijayo, kabla ya kufungua kabati, keti na jamaa zako mwandike kila mmoja ubeti wake. Msihofu vina vikichechemea. Yasomeni kwa sauti, mkisikiliza ni kitu gani kila mtu amekitafutia nafasi japo hakina kazi safarini. Na ikiwa mizani zimezidi, punguzeni nguo, punguzeni viatu, lakini jina la mtu msilipunguze.