Bangale: Miiba, Lambo na Nepi

Atokaye Malindi kwenda Bangale huiacha minazi mapema. Hupita Garsen, hupita Hola, Mto Tana ukimfuata upande wa kulia, mpaka Madogo. Hapo, kabla ya daraja la Garissa, hugeuka kushoto na kuishika barabara kuu ya Nairobi. Nao mto humuaga. Bangale ni mji mdogo wa kandokando ya barabara hiyo: maduka, msikiti, chai ya maziwa, malori yanayopumzika, kisha migunga na mifugo ya Waorma na Wasomali.

Nilikwenda kumwona wifi yangu, aliyekuwa na mwana wa miezi mitano. Asubuhi ya pili nilifuatana na mama mkwe wake, bibi mwenye miguu myepesi kuliko yangu, kwenda lamboni kwa punda na madumu. Njiani niliona vitu vyeupe vimenasa kwenye miiba, nikadhani ni mifuko. Lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Zilikuwa nepi za kutupa. Amri ile haikuzigusa.

“Hizi ndizo zilizomuua mbuzi wangu,” alisema bibi. Alikuwa mbuzi wa maziwa. Alidhoofu, tumbo likajaa, asicheue. Alipokufa wakampasua, wakakuta fundo la plastiki na uji mweupe wa kuteleza. “Hufuata chumvi ya mkojo,” alinieleza.

Uji ule una maelezo yake. Ndani ya nepi mna nyuzi za mti na chembechembe za kemikali zinyonyazo maji na kuvimba kama ute. Nje mna plastiki, ambayo hukaa ardhini mamia ya miaka. Kuichoma mtaani si dawa, kwani moshi wake tunauvuta sisi na watoto wetu. Kuitia chooni ni kukijaza choo kwa kitu kisichooza.

Tena tusijidanganye kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Hubeba vijidudu vya kuhara, mayai ya minyoo, hata virusi vya polio. Na mwaka 2013 polio iliibuka katika kambi za Dadaab, kaunti jirani ya Garissa. Mvua ikinyesha, makorongo makavu hugeuka mito, nayo huzoa yote yaliyo juu ya ardhi na kuyashusha mabondeni, yalipo malambo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kujisaidia mahali patatu: penye maji, njiani na kivulini. Asubuhi ile niliziona nepi mahali pote patatu.

Niliporudi nilikuwa tayari kumhutubia wifi yangu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: “Wifi, winda za kitambaa nitazifua kwa maji yapi?” Nikanyamaza. Sisi wa mwambao, tuliozoea kisima cha uani, ni wepesi wa kusahau kwamba dumu la maji lina bei. Naye, kwa ughali wa nepi, alikuwa akimwacha mtoto na moja tangu asubuhi hadi alasiri. Mapaja yalikuwa yamebabuka mekundu, kwani ngozi ikikaa na mkojo na joto huchubuka, na ukungu huingia.

Aliyetatua ni bibi. Alimchukua mjukuu, akakaa, akanyoosha miguu, akamweka mtoto juu ya nyayo zake na kumpigia mluzi mdogo. Mtoto akakojoa. Hivyo ndivyo walivyolelewa wanawe wote, na mama zetu Lamu na Malindi walitukojoza vivyo hivyo kabla ya nepi kuletwa dukani.

Wakakubaliana: mchana mtoto akojozwe na kufungwa winda la kitambaa, linalochafuka mara chache hivyo halihitaji maji mengi, nepi iwe ya usiku na safari. Kinyesi kikung’utwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, na nepi ifukiwe katika shimo refu lililozungushiwa miiba, mbali na lambo. Mume wa wifi yangu alilichimba jioni ile.

Nami nilipofika Malindi nilizipasua leso zangu tatu kuukuu, nikazipinda kingo, nikazituma kwa basi la alfajiri.