Kuwaka Si Kupona

Injini ndogo ya petroli haina siri nyingi. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipofanikiwa kutengeneza injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, utaratibu umebaki ule ule: kufyonza hewa iliyochanganyika na mafuta, kuibana, kuichoma, kisha kutoa moshi. Kwa hiyo injini inapogoma kuwaka, si kwamba ina kiburi, wala haijarogwa. Imekosa kitu kimoja kati ya vinne: mafuta, hewa, cheche, au nguvu ya kubana. Anayevijua vitu hivi ameshapata nusu ya dawa. Nusu ya pili ndiyo ngumu, nayo ni subira ya kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

Hapa kwetu Iyunga tunazihitaji sana injini hizi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua huwa zimekatika, na mwenye bustani asiye na pampu hubeba maji kwa ndoo mpaka mabega yaote sugu. Tena tuko juu, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Asubuhi za Juni na Julai baridi hutafuna vidole. Injini ya baridi huhitaji choki ili iwake. Lakini mtu akisahau kuifungua injini ikishapata moto, mafuta huizidi hewa, plagi ikaloa, na kuvuta kamba kukawa mazoezi ya viungo tu.

Kiangazi kimoja, nilipokuwa nimekwisha kustaafu, jirani yangu, mama mjane, alinijia jioni na kuniambia kwamba anataka kuuza pampu yake. Alikuwa na vitaru vya kabichi ambazo zilikuwa zimeanza kufunga, na ada ya mwanawe ilikuwa ndani ya kabichi hizo. Pampu ilikuwa ikiwaka, ikifanya kazi kama robo saa, kisha ikizimika na kukataa kabisa. Alikuwa amemwita fundi mara tatu, na mara zote tatu pampu iliwaka mbele ya macho yake. Fundi alipoondoka tu, mchezo ulianza upya. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, na bei aliyotoa ilikuwa ya chuma chakavu.

"Mwalimu," alisema, "mashine hii inamwogopa fundi, mimi hainiogopi."

Nilimwomba asubiri siku moja, na nikamwomba fundi aje tena. Alikuwa kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, wala hakuwa tapeli. Nilimuuliza alifanya nini katika siku zile tatu. Akaeleza bila kuficha: alifungua tangi akatazama mafuta, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akavuta kamba, ikawaka. Mara ya pili alifanya hivyo hivyo, na mara ya tatu pia. Kila mara aliisifu plagi mpya.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, miaka ya sabini, mkufunzi wetu wa sayansi alitupa mbegu za maharage tuzipande katika makopo. Mmoja wetu aliweka kopo lake gizani na pia akapunguza maji. Mche uliponyauka, mkufunzi alimuuliza, "Umeuawa na giza au na kiu?" Hakuna aliyeweza kujibu. Mkufunzi akaandika ubaoni: badili kimoja, mengine yaache. Maneno hayo nimeyabeba darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, nayo ndiyo niliyokwenda nayo bustanini.

Tuliiwasha pampu, tukakaa chini ya mti. Baada ya muda ikakohoa, ikazimika. Kijana akanyanyuka na spana yake ya plagi, nikamshika mkono. Tulikubaliana kwamba safari hii asiguse plagi wala kabureta. Afungue kifuniko cha tangi tu, akifunge, asubiri kidogo, kisha avute kamba. Alipokilegeza kifuniko tulisikia hewa ikiingia, fyuu! Akavuta. Ikawaka kwa mvuto wa pili.

Kijana alinitazama, halafu akaitazama plagi aliyokuwa ameinunua yeye mwenyewe mjini.

Tuliacha izimike tena, tukarudia jaribio lile lile, matokeo yakawa yale yale. Ndipo tulipokigeuza kifuniko na kuchungulia ndani. Chini yake palikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa vizuri. Mama akacheka kwa aibu. Ni yeye aliyekiweka, kwa sababu pampu ilipobebwa kwenye pikipiki petroli ilimwagika na kuharibu kanga yake.

Kifuniko cha tangi la namna hii kina kitundu kidogo cha kupumulia. Ukitaka kujua kazi yake, chukua kopo la maziwa ulitoboe tundu moja, kisha uliinamishe. Maziwa yatadondoka kidogo na kukoma. Toboa la pili, yatamiminika. Petroli nayo haishuki kwenda kwenye kabureta kama hewa haiingii tangini kujaza nafasi yake. Nailoni ilikuwa imeziba tundu la pili. Fundi kila alipokuja alifungua tangi kwanza, hewa ikaingia, ugonjwa ukaondoka kwa muda. Kisha akafanya mengine yote, na sifa zikaenda kwa plagi. Alikuwa akitibu kweli, ila hakujua ni mkono wake upi uliokuwa unatibu.

Nailoni ilitolewa, kikanunuliwa kifuniko kipya chenye mpira wake. Mnunuzi alirudishwa kwa maneno mazuri, na kabichi zilikwenda soko la Mwanjelwa.

Tangu hapo nimetafakari mara nyingi jinsi tunavyopenda kufungua vitu vyote kwa pamoja. Mgonjwa humeza vidonge vya duka la dawa, hunywa mizizi, hubadili chakula, kisha akipata nafuu husifu kile alichokilipia ghali zaidi. Shule ikifanya vibaya katika mtihani, katika muhula mmoja utaona ratiba mpya, masomo ya jioni, mwalimu mpya wa hisabati na viboko juu yake. Matokeo yakipanda, kila mtu huchagua sababu aipendayo, na mara nyingi huchaguliwa viboko. Mwaka unaofuata matokeo hushuka, na hakuna ajuaye pa kuanzia.

Najua kuna saa ambazo mtu hana nafasi ya kujaribu moja moja. Nyumba ikiungua hatuulizi ni ndoo ipi iliyouzima moto. Lakini mambo mengi maishani hayaungui. Yanazimika kila baada ya robo saa, na kwa hayo tuna muda kuliko tunavyodhani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi. Wengi tuliyasoma maneno hayo tukafikiria majembe na bustani za shule tu.

Kudadisi hakuhitaji maabara kubwa. Kunahitaji mtu aweze kukaa chini ya mti, mikono mitupu, asubiri chombo kizimike chenyewe, kisha abadili kitu kimoja. Mama yule sasa huiwasha pampu yake mwenyewe. Ikigoma hutazama mafuta, kisha hewa, kisha cheche, kwa mpangilio huo, na hufundisha wenzake. Juzi nilimsikia akimkemea mtu aliyetaka kumsaidia haraka haraka: "Taratibu, baba. Kimoja kimoja."