Saa ya Baba Kutoka Magogoni Hadi Kariakoo

Abiria anayeshuka kwenye pantoni pale Magogoni asubuhi hahitaji kufundishwa thamani ya dakika. Siku hiyo nami nilikuwemo katika msururu wa wafanyakazi, kwapani nimebeba saa ya ukutani ya marehemu baba, iliyokuwa imesimama tangu mwaka alipofariki.

Nilipita Kivukoni, nikashika Barabara ya Samora hadi Mnara wa Saa, ukumbusho wa Dar es Salaam kupata hadhi ya jiji mwaka 1961. Hapo niliingia Barabara ya Uhuru, nikaenda Kariakoo kwa fundi mwenye meza yake barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya kamani. Ziko nyingine huendeshwa na uzito mtupu."

Alisema kweli. Katika milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa, hasa Morbier na vijiji vya jirani, mafundi walitengeneza saa za namna hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi walikuwa wakulima waliofanya ufundi huo theluji ilipofunika mashamba. Waligawana kazi: huyu magurudumu ya meno, yule kengele, mwingine uso wa saa.

Chini ya fremu ya chuma huning'inia mawe mawili: moja huendesha mishale, la pili hugonga kengele. Jiwe lingeanguka mara moja, lakini kipande kinachochezeshwa na timazi huzuia gurudumu, kikiliachia jino moja baada ya jingine. Hivyo jiwe hushuka polepole kwa muda wa wiki nzima, kisha mwenye nyumba hulipandisha kwa ufunguo. Saa hizo hugonga idadi ya saa, na baada ya dakika mbili hurudia, ili aliyepitiwa ahesabu tena.

Fundi alipofungua saa yetu, hakukuta kilichovunjika. Mafuta yalikuwa yameganda kwa vumbi, na kamani ilikuwa imelegea kabisa.

"Nani huitia ufunguo?" aliuliza.

Nilinyamaza. Baba alifanya hivyo kila Jumapili. Baada ya kumzika, kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataifanya kazi hiyo.

Jioni nilivuka tena na saa inayotembea. Sasa kila Jumapili binti yangu hupanda kwenye kiti, akatia ufunguo.